Binti Aliyenifundisha Kukimbia

Nilipoolewa nikahamia Bigo, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, nyumba ile ilikuwa bado imelala. Sisemi kwamba watu wake walikuwa wavivu. Nasema nyumba yenyewe: kuta zake za matofali, mapazia yake mazito, viti vya sebuleni vilivyofunikwa vitambaa vilivyofumwa na mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Vyote vilikuwa vimezama katika usingizi, na mimi nilipita humo nikinyata, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa akaogopa kugonga kiti.

Mwanamke yule alikuwa mke wa kwanza wa mume wangu. Alifariki kwa maradhi, muda mfupi baada ya familia kukimbia kijiji chao huko Djugu na kuja kutafuta usalama mjini. Mume wangu alikuwa dereva. Aliendesha lori la samaki kati ya Kasenyi, kule chini ziwani, na soko la Bunia. Aliachiwa watoto wawili. Nilipoingia, binti alikuwa na miaka kumi na sita, na mdogo wake wa kiume kumi na mitatu. Mimi nilikuwa nimetoka Butembo kufuata biashara ya vitenge, mwanamke mzima ambaye ndugu zake walikwisha kuacha kumuuliza ataolewa lini.

Watoto waliniita Madame. Hawakuwa na dharau. Waliniita kama wanafunzi wanavyomwita mwalimu: wanasimama akiingia, wanakaa akitoka, na hakuna anayemwambia anachowaza.

Miezi ile ya mwanzo naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto alfajiri, vipande vipande, bila mwanzo. Nakumbuka uso wa kijana chini ya blanketi, umepakwa mwanga wa bluu wa simu. Nakumbuka binti akila amesimama jikoni, mgongo umeegemea mlango, sahani mkononi, macho yako mbali. Baba yao alikula kitini mbele ya televisheni, na mara nyingi usingizi ulimchukua kijiko kikiwa bado kinywani. Asubuhi hakuna aliyekula kitu. Walikunywa chai iliyojaa sukari hata ikawa nzito kama asali, wakatoka. Meza ilikuwepo, meza nzuri ya mbao, lakini juu yake walikuwa wameweka pasi, vitabu vya shule na redio mbovu. Tangu mama yao aondoke, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuketi hapo.

Kisha mume wangu akarudi siku moja kutoka Kasenyi na kiu isiyokwisha. Alikunywa maji, akanywa tena, akaenda nje kukojoa, akarudi akanywa. Alikuwa amekonda bila mimi kuona, labda kwa sababu nilikuwa bado sijamzoea. Tulipomfikisha kwenye kituo cha afya, muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akakunja uso. Ulikuwa ugonjwa wa sukari. Alimpa vidonge, kisha akanigeukia mimi kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Mama, dawa peke yake haiweze. Apunguze sukari, akule majani, atembee kila siku. Na si yeye peke yake. Nyumba nzima ifanye vile, ndiyo ataweza."

Nyumba nzima. Niliyabeba maneno hayo kutoka kituo cha afya mpaka Bigo kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, nikiogopa yasimwagike. Nilidhani nimepewa kazi, na kazi ni kitu ninachokijua.

Jioni ile niliondoa pasi, vitabu na redio juu ya meza, nikatandika kitambaa, nikawaita wote. Nilikuwa nimepika majani ya lengalenga bila mafuta na karibu bila chumvi, na bugali kidogo sana. Nikasimama, nikazungumza. Nilisema juu ya damu, juu ya figo, juu ya macho yanayoweza kupofuka. Nilisema juu ya vinywaji vitamu wanavyonunua wakati wa mapumziko shuleni, na simu zinazowanyima usingizi. Nilisema mengi. Nje ndege walikuwa wanatulia katika miti ya avoka, na mwanga ulikuwa unapungua taratibu juu ya ukuta, na nilipomaliza niliona kwamba chakula kimepoa.

"Madame," binti akasema kwa heshima kubwa, "tunaweza kutoka ku meza?"

Wakatoka. Mume wangu akala kidogo kwa ajili yangu, akageuza uso.

Sikukata tamaa. Niliificha sukari katika sanduku la vitenge vyangu. Kijana akaanza kwenda kunywa chai kwa majirani. Nilipika majani kila siku. Sahani yake ilirudi nyeupe safi, nami nikafurahi, mpaka nilipomwona nyuma ya nyumba akiwalisha bata wa jirani. Bata wale walinenepa. Nilichukua simu yake wakati wa kulala. Akalala bila simu, lakini hakunisalimu tena asubuhi.

Nilipomuuliza binti kwa nini hawanisaidii, ilhali ni baba yao anayeumwa, alikuwa anafua nguo uani. Hakuacha kufua.

"Weye unatuambiaka tu," alisema, bila kupandisha sauti. "Hautuulizake kitu. Hata siku moja."

"Niwaulize nini?"

Akakamua shati la baba yake, maji yakamwagika juu ya udongo mwekundu, yakatafuta njia yake kuelekea uzio.

"Ona sasa," akasema. "Hata ile hauijui."

Nilikaa na maneno yale kwa muda mrefu. Sokoni nilipima vitenge kwa wateja, mikono yangu ikifanya kazi yenyewe, na mimi nikiwa mahali pengine. Nilijiona nikitembea katika nyumba yenye milango mingi, na kila mlango ninaoukaribia nausukuma, wakati pengine ulikuwa unangoja kubishwa hodi.

Ndipo ikaja asubuhi ya ukungu.

Bunia iko juu, na kuna msimu ambapo ukungu hushuka usiku na kukaa mpaka jua lipate nguvu. Siku ile niliamka mapema kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, mwanga ule wa kijivu usio na kivuli. Nikasikia mlango wa uani. Nilipotoka nikamwona binti ameinama, anafunga kamba za viatu vya michezo vya zamani vilivyoshonwa ubavuni. Alikuwa amevaa suruali ya mazoezi. Aliponiona alisimama wima, na uso wake ukafungika.

"Unaenda wapi?"

"Kukimbia."

"Peke yako?"

"Kila siku ninaendaka. Hakuna mutu anajua."

Alikuwa ananitazama machoni, tayari kwa vita. Nilijua maneno ambayo mama mwingine angeyasema; yalikuwa yamekwisha kufika mdomoni mwangu, juu ya wahuni, juu ya askari barabarani, juu ya msichana na suruali. Lakini ukungu ule ulikuwa umenitia ulegevu fulani, kama mtu ambaye hajaamka vizuri, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Naweza kwenda na weye?"

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa na kitenge kiunoni, fulana ya mume wangu na kandambili.

"Na hizo kandambili?"

"Ndizo niko nazo."

"Utaanguka, Madame."

"Nikianguka utaniinua."

Hakucheka, lakini kitu kilitikisika pembeni ya mdomo wake. Akafungua lango, akaliacha wazi nyuma yake.

Sikuwahi kuuona mtaa wetu namna ile. Nyumba zilikuwa zimefutika. Ungeona paa la bati linaelea peke yake, halafu mgomba, halafu hakuna kitu. Mwanamke mwenye beseni la mandazi alitokea mbele yetu, akatusalimu, akayeyuka. Pikipiki moja ilipita polepole, taa yake kama yai la manjano. Binti alikimbia mbele yangu bila sauti, na mimi nyuma yake nilisikia kandambili zangu zikipiga makofi, na pumzi yangu, pumzi ya mtu mzima anayekaa kutwa nzima kwenye kigoda sokoni. Kabla hatujafika mbali kifua kiliwaka moto. Nikasimama, mikono magotini. Yeye akamezwa na ukungu.

Nilidhani ameniacha. Nilisimama pale peke yangu, ndani ya weupe ule, na ajabu ni kwamba sikuona aibu. Nilisikia kengele ya kanisa kwa mbali kuelekea mtaa wa Mbunya, na jogoo, na mahali fulani mtu akifagia. Kisha akarudi, kwanza kama kivuli, halafu viatu, halafu uso.

"Usikimbie kama mutu anafukuzwa," akaniambia. "Anza na kutembea. Halafu kimbia mpaka ku ule muti. Halafu tembea tena. Na pumua na pua."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilijifundisha."

Tukatembea. Nilifanya kama alivyosema: mpaka mti, kisha kutembea, kisha mpaka kibanda cha kuuzia makaa. Nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kusema. Nadhani ndiyo sababu akasema yeye.

"Mu ukungu hauonake manyumba," alisema. "Kwa hiyo ninaona kwetu. Hapa ni njia ya kwenda mu shamba. Pale ni kwa bibi. Mama alikuwa anatembea mbele, mbiombio sana, siye tunakimbia ya kumufikia. Kila asubuhi. Nikikimbia, ni kama vile iko mbele kidogo tu. Jua likitoka, inaisha."

Tuliendelea kutembea bega kwa bega. Baadaye kidogo nikauliza, swali langu la kwanza la kweli katika nyumba ile:

"Alikuwa anapenda kupika nini?"

Alifikiri. "Lengalenga. Lakini si kama yako."

Jua lilipoanza kupasua ukungu na mabati kuanza kung'aa, tulikuwa tumefika langoni. Aliingia kwanza, akaenda kuchota maji ya kuoga, na hatukuzungumza tena siku ile. Lakini kesho yake, nilipotoka uani, alikuwa amekaa juu ya jiwe, ananingoja. Miguuni pake kulikuwa na viatu vyake vingine, vya zamani kuliko vile, vilivyotoboka kidogo kwenye vidole.

"Jaribu," akasema. Vilinitosha.

Hivyo ndivyo asubuhi zetu zilivyoanza. Katika kumbukumbu yangu zimeungana zikawa asubuhi moja ndefu, yenye ukungu mahali na mahali yenye vumbi, yenye mvua iliyotukuta tukarudi tumelowa kama samaki. Nilijifunza kupumua. Sikuwahi kukimbia vizuri. Mpaka leo nakimbia kama kuku aliyeshtuka. Lakini nilifika miti ya mbali zaidi.

Watu wakatuona, na mji wetu hauna habari inayolala. Jumapili moja dada mkubwa wa mume wangu alikuja, mwanamke wa kuheshimika katika kwaya ya akina mama, ambaye aliwasaidia sana watoto wale baada ya msiba. Alikaa kiti cha katikati, akakataa chai, akaweka mkoba wake magotini.

"Nimesikia mambo," alimwambia mume wangu. "Mutoto mwanamuke anakimbia mu barabara na patalo kama mwanaume, na bibi yako nyuma yake. Batu banacheka. Ule mutoto iko mukubwa sasa. Nani atamuoa? Na barabara zenyewe, unajua namna ziko. Kesho akipata shida, tutasema nini mbele ya mama yake?"

Mume wangu akanitazama. Hofu ile ya barabara haikuwa ya uongo, na mimi pia nililala nayo kila usiku. Nyuma ya pazia la mlango wa chumba, niliona vidole vya miguu vya binti, vimetulia kabisa.

Nilikuwa na jibu ambalo lingemaliza maneno papo hapo. Ningeweza kueleza kwa nini mtoto yule anakimbia, na wifi yangu, ambaye alimpenda marehemu, angelia, na sote tungelia naye. Lakini jibu lile halikuwa langu. Nilikuwa nimeazimwa, katika ukungu, na mtu ambaye hakuwa ameniruhusu kulitoa nje.

"Dada mukubwa," nikasema, "ni miye nilimuomba. Anifundishe."

"Weye? Mwanamuke muzima, ufundishwe na mutoto?"

"Ndiyo. Muuguzi alisema nyumba nzima itembee, na miye sikujua namna ya kuanza. Yeye anajua. Juu ya barabara, una haki. Tutatoka wakati kuna mwangaza na batu biko njiani, na hatutavuka kartye yetu, ni hapa mu Bigo tu. Akivaa patalo, na miye nitavaa. Bakicheka, bacheke siye wote wawili."

Wifi yangu aliuondoa mkoba magotini. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama ni kweli kutembea kunasaidia magoti. Nikamwambia aulize mwalimu wangu. Na vidole vile nyuma ya pazia vikaondoka.

Jioni nilikuwa nakatakata lengalenga nilipoona kivuli kando yangu. Binti alichukua kisu mkononi mwangu, bila kukinyakua.

"Haikatwake vile, mama mudogo. Unamaliza utamu yote. Unaiacha kubwa, halafu unaweka karanga ya kutwanga, na kitunguu, na tangawizi kidogo. Chumvi haiombe mingi."

Aliendelea kukata. Hakuinua macho kuona kama nimesikia alivyoniita, nami nikajishughulisha na moto, kwa sababu moshi ulikuwa umeniingia machoni.

Chakula kile mume wangu alikila akaomba tena. Kijana alinusa, akaonja, akamtazama dada yake. "Ni ile ya mama," akasema. Akala yote. Bata walilala njaa.

Tulikuwa tumekaa mezani wote wanne. Nikaona hiyo ndiyo nafasi, nikauliza: "Mulikuwa munapenda tufanye namna gani, siye wote? Hapa mu nyumba. Museme."

Kijana akawa wa kwanza, mdomo umejaa: "Telefone ziwekwe mu kikapo wakati ya kula."

Sikuamini masikio yangu. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Zote. Na ya Papa."

Baba yake akaacha kutafuna. Simu yake ndiyo iliyokuwa inalia kuliko zote, wauza samaki, wapakizi, matajiri wa lori. "Na mukubwa akinipigia?"

"Utamwambia ulikuwa unakula na batoto yako," kijana akasema, akaangalia sahani.

Mume wangu akasukuma kiti nyuma. Akainuka, akaleta kikapu changu cha nyanya, akaweka simu yake humo ya kwanza. Binti akasema chai inywewe bila sukari, isipokuwa Jumapili. Kijana akapinga, wakapatana kijiko kidogo. Mimi niliomba walale kabla yangu. Wakakataa kwa sauti moja, na tukacheka, na nikaelewa kwamba kukataliwa wazi mezani ni kutamu kuliko kukubaliwa na watu wanaotazama dirishani.

Mume wangu alikuwa bado hatembei. Alisema dereva anatembea kwa magurudumu. Ni binti aliyempata. Likizo moja, barabara ya Kasenyi ilipokuwa imetulia kwa wiki kadhaa na magari yakipita bila taabu, alimwambia baba yake: "Utupeleke tuone ziwa. Halafu tutatembea na weye kandokando." Na yeye, ambaye alikuwa amelitazama ziwa lile maisha yake yote bila kuwaonyesha watoto wake, hakupata sababu ya kukataa.

Tulishuka asubuhi, tumebanana mbele ya lori tupu. Kuna mahali ambapo nchi ya juu inakatika, na barabara inaanza kujikunja kuelekea chini, na ghafla ziwa lote liko chini yako, jeupe, halina mwisho, na milima ya Uganda inaelea ng'ambo kama kitu kilichochorwa kisha kikafutwa nusu. Kijana alisahau simu yake mkononi. Joto likaanza kupanda kutoka chini, na harufu ya samaki wa chumvi, na kelele za watu wa mitumbwi.

Mume wangu alikuwa na shughuli ya kupakiza. Wauzaji walichelewa, wakabishana, saa zikapita. Alikuwa amemeza vidonge vyake alfajiri, na chakula akasema atakula baadaye. Alipomaliza tu, badala ya kukaa, akataka kutimiza ahadi. "Twende tutembee," akasema, na sote tulifurahi sana hata hatukufikiri.

Tulitembea kandokando ya maji, viatu mikononi. Naona bado migongo yao mitatu mbele yangu, na mchanga unavyofumba nyayo zao. Halafu mume wangu akaanza kumgombeza kijana bila sababu. Maneno yake hayakushikana. Alisimama, akatazama mikono yake inavyotetemeka kana kwamba ni ya mtu mwingine. Jasho lilikuwa linamchuruzika, na nilipomgusa, ngozi yake ilikuwa baridi chini ya jua lile kali.

"Ni jua," nikasema. "Tumupeleke mu kivuli."

"Hapana," binti akasema. "Papa, ikala chini."

Alikuwa amekwisha kufungua mfuko wake. Akatoa kifuko cha plastiki na chupa ya maji, akamimina, akatikisa. Nikaona ni nini, na nikapiga kelele. Nilimshika mkono.

"Sukari? Unataka kumuua?"

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, bila hasira, bila woga. "Mama mudogo. Imeshuka sana. Ni dawa, na hajakula. Uniachilie."

Upande mmoja kulikuwa na umri wangu, na yote niliyoyasikia na kuyahubiri. Upande wa pili kulikuwa na msichana wa miaka kumi na saba mwenye chupa mkononi. Niliuachilia mkono wake. Nikakaa mchangani, nikamshika mume wangu mabega ili anywe vizuri.

Alikunywa. Tulingoja. Maji ya ziwa yalikuja, yakarudi, na kijana alikuwa amechuchumaa, ameshika kidole gumba cha mguu wa baba yake kama mtoto mdogo. Kisha rangi ikarudi usoni mwa mume wangu polepole, kama mtu anayepanda ngazi kutoka chumba cha giza. Akatuuliza kwa nini tunamtazama.

Tulimpeleka penye mama mmoja anayechoma samaki, akala kapiteni, sangara wa ziwani, na bugali, akala mpaka mifupa. Alipomaliza alimgeukia binti yake.

"Nani alikuambia ile mambo?"

"Muuguzi. Nilipita kwake nikitoka ku masomo. Nilimuuliza kila kitu, yenye tufanye ikipanda, na yenye tufanye ikishuka."

"Na juu ya nini haukutuambia?"

Binti aliinua bega. "Sikujua kama mutanisikia."

Mume wangu alivunja kipande kizuri cha samaki kilichokuwa kimebaki kwenye sahani yangu, shavu lenye mafuta, ambalo kwetu hupewa mkubwa, akakiweka mbele ya binti yake. Binti alikitazama, akatutazama sisi, akala. Tangu siku ile, kila mume wangu alipokwenda kupimwa, alikwenda na binti yake, na muuguzi alizungumza na wote wawili. Na asubuhi akatembea, akinung'unika, lakini akatembea.

Sasa binti yuko Kisangani anasoma kilimo. Hunipigia simu jioni, na kabla ya salamu anauliza nimefika wapi leo, na nikidanganya anajua kwa pumzi yangu. Sukari ya baba yake haijaisha, ugonjwa ule hauishi, lakini imetulia, na ananenepa pale panapopaswa kunenepa. Kijana amekuwa mrefu kuliko sote. Ana vita vyake vipya nami, juu ya saa za kurudi nyumbani na nywele zake, na siku nyingine hatusemezani mpaka jioni. Kisha namwuliza jambo, si kwa hila, kwa sababu kweli silijui, na ananijibu.

Juzi mimi na mume wangu tulitoka wawili tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa laini. Alisimama kwa mwanamke anayeuza matunda chini ya turubai, akachagua papai, akaligonga kwa kidole, akalisikiliza kama redio, akalirudisha, akachukua lingine. Nilimwambia yote ni sawa. Akasema hapana, ngoja. Nikangoja. Nilikuwa na miguu iliyochoka vizuri na sikuwa na haraka ya kufika popote, na mji ulikuwa unaamka nyuma yetu, mlango mmoja baada ya mwingine.